Purikura, Vibanda vya Picha na Asili ya Selfi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ni yale ambayo watu huyarudia kila mazungumzo yanapofika kwenye picha za stika za Kijapani na mahali zilipo katika historia ya kujipiga picha. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Purikura ni nini?

Purikura ni picha ndogo zinazochapwa kwenye karatasi yenye gundi mgongoni, yaani stika, ambazo watu hujipiga wenyewe ndani ya kibanda chenye kamera, taa na skrini. Jina hilohilo hutumika kwa picha, kwa mashine na kwa shughuli nzima ya kwenda kupiga. Nchini Japani mashine hizi hupatikana katika kumbi za michezo ya kielektroniki, katika majengo ya maduka, na katika kumbi zinazotoa huduma ya purikura peke yake, kama zile za mitaa ya Shibuya na Harajuku jijini Tokyo.

Kinachoipa purikura hadhi yake katika historia ya picha si stika. Ni kwamba aliye mbele ya kamera ndiye anayeamua kila kitu: anajiona kwenye skrini kabla ya picha kupigwa, anachagua ipi ibaki na ipi itupwe, anairekebisha, anaiandika juu yake kwa mkono, kisha anaigawa kwa rafiki zake. Hatua hizo tano ndizo zinazofanywa leo na mtu yeyote mwenye simu janja, na zilikuwa zimekwisha kuwa mazoea ya wasichana wa shule wa Kijapani kabla simu janja hazijaenea.

2. Neno "purikura" limetoka wapi?

Ni kifupi cha *Purinto Kurabu*, namna Wajapani wanavyotamka jina la Kiingereza la mashine ya kwanza, lenye maana ya "klabu ya kuchapa". Wajapani wana desturi ya kuchukua silabi za mwanzo za maneno mawili ya kigeni na kuyaunganisha, na hapo *puri* ikakutana na *kura*. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili neno hili halina ugumu wowote, kwa kuwa kila silabi yake inaishia kwa irabu kama maneno yetu.

Jina hilo ni alama ya biashara iliyosajiliwa, kwa hiyo kampuni nyingine zinazotengeneza mashine za aina hiyo hulazimika kuziita rasmi "mashine za stika za picha". Mitaani hakuna anayejali tofauti hiyo. Zote ni purikura.

3. Je, si kibanda kilekile cha picha za pasipoti?

Hapana, ingawa vyote viwili ni vya ukoo mmoja (tazama swali la 5). Kibanda cha picha za vitambulisho kimejengwa ili kimtoshe mtu mmoja aliyeketi kwenye kigoda, akiwa ametulia, bila kutabasamu, na kazi yake ni kutoa uso kama ulivyo. Kibanda cha purikura ni chumba kidogo kinachotosha watu wanne au watano wakiwa wamesimama, chenye taa kali kutoka pande kadhaa, na kazi yake ni kutoa uso kama wenyewe wanavyoutaka. Kimoja kinahudumia ofisi ya serikali, kingine kinahudumia urafiki.

4. Mtu akiingia, anafanya nini hasa?

Kwanza hulipa kwenye sehemu iliyo nje ya kibanda. Karatasi moja ya stika iligharimu yeni 300 katika siku za mwanzo, na mashine za sasa hutoza kati ya yeni 400 na 500, ambazo kundi huchangiana. Wakishalipa, huchagua idadi ya watu, rangi za mandhari na kiwango cha marekebisho ya uso.

Ndani ya kibanda, sauti ya mashine huwahesabia na skrini huwaonyesha mfano wa mkao kwa kila picha. Muda kati ya picha moja na nyingine ni wa sekunde chache tu, na hapo ndipo vicheko vinapoanza, kwa sababu watu wanne wanajaribu kubadili mkao kwa pamoja katika nafasi ndogo. Zikimalizika, kundi huhamia upande wa pili wa mashine, penye skrini na kalamu za kielektroniki, ili kundi linalofuata lianze kupiga. Upande huu ndio moyo wa purikura. Hapo huandikwa tarehe, majina ya utani, mafumbo ya marafiki, mioyo, nyota, masikio ya paka. Kitendo hicho kwa Kijapani huitwa *rakugaki*, yaani kuchorachora, neno lilelile linalotumika kwa michoro ya ukutani.

Hatimaye karatasi hutoka kupitia tundu lililo ubavuni. Kumbi nyingi huweka meza yenye mikasi iliyofungwa kwa mnyororo au kamba, na hapo stika hukatwa na kugawanywa sawasawa. Siku hizi nakala za picha hupelekwa pia kwenye simu.

## Historia ya kibanda na ya picha ya kujipiga

5. Kibanda cha picha kilianzia wapi, kama si Japani?

Majaribio ya mashine zinazopiga picha kwa sarafu yalifanywa mwishoni mwa karne ya 19. Katika maonyesho ya dunia ya mwaka 1889 jijini Paris, Théophile-Ernest Enjalbert alionyesha mashine ya namna hiyo, na mwaka uliofuata Conrad Bernitt wa Hamburg alipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya mashine yake iliyoitwa Bosco. Hizo zilitoa picha kwenye vipande vya bati, na hazikuwa za kutegemewa sana.

Aliyefanikiwa kikamilifu ni Anatol Josepho, mzaliwa wa Omsk katika Siberia, aliyehamia Marekani baada ya kuzunguka nchi nyingi. Mwaka 1925 alifungua duka la Photomaton katika barabara ya Broadway, New York. Kwa senti 25 mteja alipata ukanda wa picha 8 baada ya dakika 8 hivi. Katika miezi sita ya kwanza watu wapatao 280,000 walipita pale, na mwaka 1927 Josepho aliuza haki za mashine yake kwa dola milioni 1, fedha ambayo kwa wakati ule ilikuwa kubwa mno.

Hata hivyo, Photomaton ya mwanzo haikumwacha mteja peke yake. Mhudumu aliyevaa glavu nyeupe alisimama karibu akielekeza wateja watazame wapi. Baadaye mhudumu aliondoka na pazia likabaki, na pazia hilo ndilo lililobadili mambo, kwa sababu nyuma yake mtu aliweza kujifanyia uso wowote bila mtazamaji. Wasanii walilitambua hilo mapema: mwaka 1929 kundi la wasurealisti mjini Paris, yaani wasanii na waandishi waliofuata mambo ya ndoto, akiwamo mwandishi André Breton, lilichapisha picha zao za kibandani wakiwa wamefumba macho, na mwaka 1963 msanii Andy Warhol alimpeleka Ethel Scull, mkusanyaji wa kazi za sanaa, kwenye vibanda vya New York na kutumia picha hizo kutengeneza sura yake mara 36.

6. Nani alibuni purikura?

Wazo ni la Sasaki Miho, mwanamke aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya michezo ya video ya Atlus. Aliona kwamba wasichana wa Japani wanapenda stika na wanapenda picha, na akapendekeza mashine itakayoviunganisha viwili hivyo. Wakubwa wake, waliokuwa wanaume, hawakuvutiwa. Wazo lilikuja kukubaliwa baadaye, na Atlus kwa kushirikiana na Sega, kampuni nyingine ya michezo ya video, ikaitoa mashine ya kwanza ya Purinto Kurabu mwezi Julai 1995.

Mashine ile ilikuwa ya kawaida kabisa kwa macho ya leo. Ilipiga sehemu ya kichwa na mabega, ikaweka fremu ya rangi uliyoichagua, na kuchapa karatasi yenye picha 16 ndogo zinazofanana. Hapakuwa na kalamu wala marekebisho ya uso. Ilichukua muda kupata wateja. Iliposhika kasi, ilivuka kumbi za michezo na kuingia kwenye migahawa ya vyakula vya haraka, vituo vya treni na kumbi za karaoke. Mwaka 1996 kundi la waimbaji la SMAP lilizitangaza stika hizo katika kipindi chao cha televisheni, na baada ya hapo foleni hazikuisha.

Ninaliweka jina la Sasaki mbele kwa makusudi. Historia ya teknolojia mara nyingi husimuliwa kwa majina ya kampuni, na jina la mwanamke aliyeona kile ambacho wakubwa wake hawakukiona ndilo la kwanza kusahauliwa.

7. Kwa nini iliwashika hasa wasichana wa shule?

Kumbi za michezo za Japani zilikuwa mahali pa wanaume: zilijaa moshi wa sigara, kelele na michezo ya kupigana. Purikura iliwapa wasichana sababu ya kuingia, na wakisha kuingia walikigeuza chumba kile kuwa chao.

Sababu ya pili ni kugawana. Karatasi ya stika 16 haina maana kwa mtu mmoja. Imetengenezwa ili igawanywe. Wasichana walibandika stika hizo kwenye peja (vifaa vidogo vya kupokea ujumbe), kwenye daftari na vioo vya mkononi, lakini hasa kwenye *puri-cho*, albamu ndogo zilizobebwa kila siku ndani ya mkoba wa shule. Ukikutana na rafiki mpya, mlibadilishana stika, na yeye akaingia kwenye albamu yako. Aliyeifungua albamu aliona mara moja mwenyewe anajuana na nani, alikuwa wapi wiki iliyopita, na nani amegombana na nani, kwa sababu stika za aliyekosana huwa zimebanduliwa. Ilikuwa orodha ya marafiki yenye picha, maandishi na tarehe, karibu miaka kumi kabla ya mitandao ya kijamii kuanza kuwauzia watu kitu hichohicho.

Sababu ya tatu ni maandishi. Kalamu ilipoongezwa mwishoni mwa miaka ya 1990, picha ikawa karatasi ya kuandikia. Mwanaanthropolojia Laura Miller, aliyechunguza michoro hiyo, ameonyesha kwamba wasichana waliitumia kwa ubunifu mkubwa wa lugha: walichanganya aina za maandishi ya Kijapani, wakavunja tahajia kwa kusudi, wakajichora sura za kuchekesha na hata za kutisha. Wale waliodhani ni upuuzi wa watoto hawakusoma kilichoandikwa.

8. Nani alikuwa wa kwanza kujipiga picha?

Jibu linalokubalika zaidi ni Robert Cornelius wa Philadelphia, kijana aliyefanya kazi katika biashara ya taa ya familia yake. Mwaka 1839, miezi michache tu baada ya mbinu ya upigaji picha ya Mfaransa Daguerre kutangazwa, aliweka kamera nje, akafungua lenzi, akaja kuketi mbele yake na kutulia, kisha akarudi kuifunga. Picha ingalipo katika Maktaba ya Bunge la Marekani: kijana mwenye nywele zilizotimka, mikono amefumbata, hayuko katikati ya fremu, anatazama kidogo pembeni. Ukiiona huamini umri wake.

Mwaka uliofuata Mfaransa Hippolyte Bayard alijipiga akijifanya maiti ya mtu aliyezama majini, kulalamika kwamba mbinu yake ya upigaji picha ilipuuzwa na sifa zote akapewa Daguerre. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja wa uhai wa picha, tayari watu walikuwa wanajipiga ili kujionyesha, na pia ili kusema uongo wenye maana.

Kamera nyepesi zilipofika, kama Brownie ya Kodak iliyouzwa dola 1 mwaka 1900, kujipiga kupitia kioo kukawa jambo la nyumbani. Mwaka 1914 Anastasia Nikolaevna, binti wa mfalme wa Urusi, akiwa na miaka 13, alijipiga kwenye kioo na kumwandikia rafiki yake kwamba ilikuwa vigumu kwa sababu mikono yake ilikuwa inatetemeka. Mwaka 1920, juu ya paa la jengo moja la New York, wapiga picha watano, akiwamo Joseph Byron, walijipiga kwa kamera kubwa iliyonyanyuliwa kwa mikono na wawili kati yao na kuelekezwa kwao wenyewe. Na mwezi Novemba 1966, Buzz Aldrin alijipiga akiwa nusu mwili nje ya chombo cha Gemini 12, angani.

9. Na neno "selfi" lina umri gani?

Andishi la zamani zaidi linalojulikana ni la Septemba 2002, ambapo kijana mmoja wa Australia aliandika kwenye intaneti kuhusu mdomo wake uliopasuka baada ya kuanguka kwa ulevi, akaomba radhi kwa picha isiyoonekana vizuri kwa kuwa ilikuwa ya kujipiga. Waaustralia wana tabia ya kufupisha maneno kwa mwisho huo. Mwaka 2013 watunzi wa kamusi za Oxford walilitangaza kuwa neno la mwaka.

Mwezi Desemba mwaka huohuo lilizunguka dunia nzima kutoka uwanja wa mpira wa Johannesburg, pale viongozi wa Denmark, Uingereza na Marekani walipojipiga wakiwa kwenye ibada ya kumbukumbu ya Nelson Mandela, na watu wakabishana kwa siku nyingi kama ni adabu. Wazungumzaji wa Kiswahili nasi tumelipokea: tunasema *kupiga selfi* na *kujipiga picha*. Kirejeshi *ji* kinabeba maana yote bila msaada wa neno la kigeni, na binafsi ndicho ninachokipenda zaidi.

## Kutoka kibandani hadi mkononi

10. Simu ya kwanza yenye kamera ya mbele ilikuwa ipi?

Ilikuwa ya Kijapani: Kyocera VP-210, iliyotoka mwaka 1999. Kamera yake ilikuwa juu ya skrini, ikimtazama mwenye simu, na ilikusudiwa kwa mazungumzo ya kuonana ingawa ilituma picha mbili tu kwa sekunde. Mwezi Novemba 2000 ilifuata Sharp J-SH04, ambayo kamera yake ilikuwa mgongoni. Lakini watengenezaji walijua wateja wao vizuri, wakaweka kioo kidogo kando ya lenzi ili mtu aweze kujiona anapojipiga. Kioo kile ndicho ushahidi ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu hakuna mtu anayeweka kioo hapo kwa ajili ya kupiga picha za milima.

Kabla ya simu hizo kulikuwa na vifaa vingine viwili vinavyostahili kutajwa. Kamera ya kidijitali ya Casio QV-10 ya mwaka 1995 ilikuwa na skrini na lenzi inayozunguka, hata ungeweza kuielekeza kwako huku unajitazama. Na mwaka 1998 Nintendo ilitoa kamera ya kuchomeka kwenye Game Boy, kifaa chake cha michezo cha mkononi, nayo ikiwa na lenzi ya kugeuka, pamoja na printa ndogo iliyochapa kwenye karatasi yenye gundi. Watoto wakapata purikura ya mkononi, ya rangi nne za kijivu.

Nje ya Japani watu wengi huanzia hesabu mwaka 2010, ambapo simu ya iPhone 4 ilipata kamera ya mbele na Instagram ikazinduliwa. Tarehe hizo ni sahihi kwa simu na programu hizo, ila kujipiga kulikuwa kumekwisha kuzoeleka kwingine.

11. Je, ni kweli fimbo ya selfi nayo ni ya Wajapani?

Ndiyo, kwa sehemu kubwa. Ueda Hiroshi, mhandisi wa kampuni ya kamera ya Minolta, alibuni fimbo ya kurefuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ikauzwa pamoja na kamera ndogo iliyokuwa na kioo kwa mbele. Amesimulia kwamba alipata wazo hilo baada ya safari ya Ulaya: katika jumba la makumbusho la Louvre alimwomba mtoto ampige picha yeye na mkewe, na mtoto akakimbia na kamera.

Bidhaa haikufanikiwa. Katika majaribio ya kampuni, wanawake walisema wanaona aibu kujipiga wenyewe. Mwaka 1995 fimbo kama hiyo iliorodheshwa katika kitabu cha vifaa vya Kijapani visivyo na faida. Mwaka huohuo mashine ya kwanza ya purikura ikatoka, na aibu ile ikaanza kuyeyuka nyuma ya pazia. Hataza ya Ueda ilikwisha muda mwaka 2003, miaka mingi kabla fimbo hazijaanza kuuzwa kila kona ya dunia.

12. Filta za simu zimetokana na purikura?

Siwezi kusema kila filta ina mzazi mmoja, ila mpangilio wa kazi ni uleule: kompyuta inautambua uso, inatafuta macho na kidevu, inabadilisha, kisha inaongeza mapambo. Mashine za purikura zilikuwa zikifanya hivyo tangu miaka ya 2000. Kampuni ya Furyu, inayoongoza katika soko hili, ilizaliwa kutoka Omron, kampuni ya Kijapani ya vifaa vya vipimo na udhibiti ambayo ilifanya utafiti mkubwa wa kutambua nyuso, na ikajitenga mwaka 2007. Filta za Snapchat zinazobadilisha uso papo hapo zilitoka mwaka 2015.

13. Je, wapiga picha wa sanaa nchini Japani waliguswa na jambo hili?

Miaka ileile ya kuzaliwa kwa purikura, wasichana wa Kijapani walianza kutambuliwa kama wasanii kwa picha za maisha yao wenyewe. Anayejulikana kwa jina la Hiromix alishinda tuzo ya kampuni ya kamera ya Canon mwaka 1995 akiwa bado kijana sana, kwa picha alizopiga kwa kamera ndogo ya mfukoni, nyingi zikiwa zake mwenyewe. Baadaye yeye, Nagashima Yurie na Ninagawa Mika walipewa kwa pamoja tuzo ya Kimura Ihei, iliyo ya heshima ya juu kabisa katika upigaji picha wa Japani. Wahakiki waliziita "picha za wasichana", jina ambalo Nagashima mwenyewe amelipinga kwa sababu linazipunguza kazi hizo kuwa jambo la umri na jinsia.

## Uso unaotoka si uso ulioingia

14. Kwa nini macho huwa makubwa kiasi kile?

Kwa sababu wateja waliyataka, na kampuni zikashindana kuwapa. Katika miaka ya 2000 mashine zilianza kukuza macho, kulainisha ngozi na kupunguza kidevu, hadi ukafika wakati ambapo sura zilikaribia za katuni. Katika miaka ya 2010 wasichana wakaanza kuona kuwa imezidi, na mashine zikarudi kwenye marekebisho yasiyoonekana wazi. Leo mteja huchagua kiwango mwenyewe.

Wajapani wana kitenzi cha jambo hili, *moru*, ambacho maana yake ya asili ni kurundika, kama mtu anavyojaza wali kwenye bakuli hadi ukapanda juu. Mtafiti Kubo Yuka, aliyewahoji wasichana kwa miaka mingi, ameeleza kwamba wanaofanya hivyo hawakusudii kumdanganya mtu. Rafiki wanaotazama walikuwapo kibandani, na wanaujua uso halisi. Lengo ni kuonyesha ustadi ndani ya kundi: sote tumefuata mtindo mmoja, na ndani ya mtindo huo mimi nimejitokeza hivi. Ukiielewa hivyo, macho makubwa yanafanana zaidi na hina ya harusini kuliko na uongo.

15. Mashine hizi zinaifanyaje ngozi nyeusi?

Hazitendi haki, na ni vyema kulisema waziwazi. Zimetengenezwa kwa ajili ya wateja wa Kijapani, taa zake ni kali, na programu yake huongeza weupe kama hatua ya kawaida. Mtu mwenye ngozi nyeusi anaweza kutoka amepauka, umbo la pua na mashavu likiwa limefutika, au akajiona amebadilishwa rangi bila kuulizwa. Katika mashine nyingi kuna kipimo cha mng'ao wa ngozi kinachoweza kushushwa kabla au baada ya kupiga. Kishushe hadi chini kabisa, na usisogelee sana kamera.

Tatizo hili halikuanza na purikura. Kwa miongo kadhaa filamu za rangi zilipimwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyingine zikabaki kujitafutia. Kinachonisikitisha ni kwamba kifaa kilichomkabidhi mtu mamlaka juu ya picha yake kinamnyima mamlaka hayo yule asiyefikiriwa wakati wa kukiunda.

## Maswali ya pembeni

16. Kwa nini wanaume huzuiwa kuingia katika baadhi ya kumbi?

Kumbi nyingi zina bango linalokataza wanaume wasioandamana na mwanamke. Sababu ni usumbufu: kulikuwa na wanaume waliowafuata wasichana kuwatongoza, na wengine waliowapiga picha kwa siri chini ya mapazia. Mwanamume aliye na mpenzi, dada au rafiki wa kike huingia bila shida, na baadhi ya kumbi hazina kanuni hiyo. Msafiri asome bango kwanza.

17. Mtu anaweza kupiga peke yake?

Anaweza, na kuna jina lake, *pin-puri*. Zamani kuonekana unaingia peke yako kulikuwa na haya kidogo. Leo si ajabu.

18. Picha ya purikura inakubalika kwa pasipoti au kitambulisho?

Hapana. Picha za hati rasmi hazitakiwi kurekebishwa umbo wala rangi ya uso. Tumia kibanda kilichoelezwa katika swali la 3.

19. Picha ya kujipiga ni mali ya nani?

Kwa kawaida ni ya aliyebonyeza. Kesi iliyoujaribu mpaka wa jibu hilo ni ya nyani wa Sulawesi, Indonesia, waliojipiga mwaka 2011 kwa kamera ya Mwingereza David Slater. Mwaka 2014 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilieleza kwamba haisajili kazi zisizotengenezwa na binadamu, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya nchi hiyo ikaamua kwamba nyani hawezi kudai hakimiliki. Katika purikura mambo ni mepesi zaidi kisheria na magumu zaidi kijamii: picha ni ya kundi, kwa hiyo anayetaka kuiweka mtandaoni huwaomba wenzake ruhusa kwanza.

20. Simu hazijaiua purikura?

Zimeipunguza. Mashine ni chache kuliko mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2018 mmoja wa watengenezaji wakubwa, Make Software, alifilisika. Lakini kumbi bado zina foleni siku za mapumziko na siku za kuhitimu shule, kwa sababu simu haina taa zile, haiwapigi watu watano kuanzia kichwa hadi miguu bila mmoja wao kunyoosha mkono, na haitoi kitu cha kukata kwa mkasi. Baadhi ya kumbi huweka vioo vya kujipambia, pasi za nywele na mavazi ya kuazima.

Nchini Korea Kusini desturi hii imechipuka upya kwa umbo jingine: tangu mwaka 2017 vibanda vinavyotoa ukanda wa picha nne vimeenea mijini, vikiwa na marekebisho machache na rangi tulivu. Ukanda ule unamrudisha mtazamaji moja kwa moja kwa Josepho wa swali la 5.

21. Nimekuta albamu ya zamani ya purikura. Niihifadhije?

Rangi za stika hizi huhamishiwa kwenye karatasi kwa joto, na adui yake wa kwanza ni jua. Iweke mahali pakavu na penye giza, mbali na kurasa za plastiki laini zinazonata. Usibandue stika ili kuzipanga upya, kwa sababu mpangilio wenyewe, nani kabandikwa kando ya nani na wapi pameachwa wazi, ni sehemu ya kumbukumbu. Piga picha ya kila ukurasa kwenye mwanga wa kivuli, pamoja na pengo lililobaki pale palipobanduliwa, na andika majina pembeni ukiwa bado unayakumbuka.